Mdogo wangu katolewa kifuko cha nyongo, mbona mpira hauachi kutoa maji ya kijani?

SWALI

Habari za kazi, madaktari. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, miaka 38, mama wa watoto watatu. Alikuwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo, akafanyiwa upasuaji hospitali moja ya hapa mkoani. Walianza kwa njia ya matundu madogo, katikati wakalazimika kupasua tumbo. Tuliambiwa damu ilitoka nyingi na mambo "yalikuwa yameshikana".

Leo ni siku ya tisa. Ubavuni aliachiwa mpira unaoingia kwenye mfuko, na kila siku tunamwaga maji ya kijani yenye umanjano kama nusu lita. Juzi usiku alitetemeka na kupata homa. Macho yameanza umanjano kwa mbali, choo kimepauka na mkojo umekoza. Hamu ya kula hana. Daktari aliyempasua anasema Ijumaa atamrudisha theatre "akafunge panapovuja".

Nyumbani hatuelewani. Mama anataka atolewe apewe dawa za miti shamba za ini. Mjomba anasema tuchange apelekwe India. Mimi nataka kujua: hayo maji ni ya kawaida? Tukubali Ijumaa? Na je, daktari amekosea, tumshtaki?

Dada wa mgonjwa

JIBU

Dada, pole sana kwa kuuguza. Tuanze na la leo hii, Ijumaa tutaifikia.

Mtu aliyetoka kupasuliwa njia ya nyongo, akapata homa ya kutetemeka na macho ya manjano, hatoki hospitali. Asitolewe kwa miti shamba wala kwa kupumzika nyumbani. Dalili hizo mbili zikikutana zinaashiria kwamba nyongo imekusanyika mahali ikaoza, au mirija ya nyongo ndani ya ini imepata maambukizi, na maambukizi ya aina hiyo huingia kwenye damu ndani ya saa chache. Mwambie mama kwa upole kwamba ini la binti yake si bovu. Linatengeneza nyongo vizuri tu, tatizo ni kwamba nyongo imekosa njia. Na dawa ya mizizi ambayo haijulikani kipimo chake inaweza kuliumiza ini ambalo hadi sasa ni zima.

Kuhusu maji ya mpira: hapana, si ya kawaida. Baada ya kutoa kifuko cha nyongo, mpira hutoa maji mekundu mekundu kidogo siku ya kwanza na ya pili, yanapungua, kisha unatolewa. Kijani chenye umanjano ni nyongo. Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, kwa hiyo mpira unaotoa nusu lita kila siku unabeba sehemu kubwa ya nyongo yake yote. Choo kilichopauka kinasema jambo hilohilo, kwa sababu rangi ya kahawia ya choo hutokana na nyongo inayofika utumboni. Macho peke yake yasiwatishe kupita kiasi: nyongo iliyomwagika tumboni hunyonywa na kurudi kwenye damu, ikaleta umanjano kidogo hata kama mrija haujaziba. Lakini ukiweka pamoja wingi wa maji, choo na mkojo, tunashuku mrija mkuu umeumia. Hatuiondoi shaka hiyo bila vipimo.

Imetokeaje? Ini lina mrija wa kulia na wa kushoto. Inakutana mlangoni mwa ini na kuwa mrija mmoja mkuu, wenye upana wa milimita kama 6 tu, unaoshuka hadi utumbo mwembamba. Kifuko cha nyongo kimening'inia pembeni, kimeungwa na mrija huo kwa kimrija kifupi. Daktari anatakiwa kukata kimrija hicho na mshipa wa damu unaolisha kifuko, basi. Kifuko kikiwa kimevimba muda mrefu, makovu hukivuta hadi kikagandamana na mrija mkuu, na mrija mkuu wenyewe ukaonekana kana kwamba ndicho kimrija cha kifuko. Mara nyingi kosa ni la macho kabla ya kuwa la mkono: daktari anakata akiamini kabisa yuko mahali sahihi. Njia ya pili ni damu. Mshipa ukipasuka, uwanja wote ukawa mwekundu, klipu (vibanio vidogo vya kufungia mishipa na mirija) au nyuzi zikawekwa kwa kubahatisha, mrija hubanwa humo humo. Kwa vile mliambiwa damu ilikuwa nyingi, kuna jambo la ziada la kuchunguza: mshipa wa damu unaolisha upande wa kulia wa ini, maana unapita jirani kabisa na hapo.

Kwa upasuaji wa matundu madogo, ajali hii huwapata wagonjwa kama 3 hadi 5 kati ya 1,000. Kwa upasuaji wa tumbo wazi ni 1 au 2. Ndiyo maana tangu 1995 madaktari wanafundishwa kanuni ya daktari mpasuaji Steven Strasberg: usikate chochote mpaka umesafisha mafuta na makovu yote pembeni mwa kifuko, umebandua theluthi ya chini ya kifuko kutoka kwenye ini, na unaona vitu viwili tu, viwili basi, vinavyoingia kwenye kifuko. Ikishindikana kuviona, kuna njia za kutokea: kuacha sehemu ya kifuko ndani, au kuweka mpira na kumpa mgonjwa rufaa.

Sasa Ijumaa.

Muulizeni daktari kwa heshima swali moja: anakwenda kufanya nini mle ndani? Jibu likiwa "kusafisha tumbo na kuweka mipira", hilo linaweza kuwa sahihi kabisa, na wakati mwingine halisubiri hata Ijumaa. Tumbo likikakamaa lote na kuuma ukiligusa, presha ikishuka, au kukiwa na dimbwi la nyongo ambalo sindano haiwezi kulifikia, mgonjwa anafunguliwa, anaoshwa, anawekewa mipira mizuri karibu na ini, anafungwa. Hakuna kuunga mrija siku hiyo.

Jibu likiwa "kuunga" au "kufunga panapovuja" bila picha ya mirija, ombeni rufaa kabla ya Ijumaa. Tunalisema hili bila kumung'unya maneno. Mrija uliokatwa na unaovuja haujatanuka, kwani nyongo inatoka bila kizuizi, kwa hiyo ni mwembamba, na siku ya tisa umezungukwa na nyama iliyovimba na kuungua kwa nyongo. Nyuzi hazishiki. Zikishika, kovu hufuata na mrija husinyaa baada ya miezi. Na kila jaribio lililoshindikana hula sehemu ya mrija uliobaki, hivyo daktari wa tatu anakuta mrija mfupi kuliko alioukuta wa pili. Mwaka 1995 Lygia Stewart na Lawrence Way wa San Francisco, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 88 wa ajali hii. Pale daktari yuleyule wa mwanzo alipojaribu kurekebisha, alifaulu kwa asilimia 17. Walipofika kwa bingwa wa mirija ya nyongo, asilimia 94. Marekebisho yaliyofanywa bila picha ya mirija yalishindwa kwa asilimia 96. Mbinu zimesonga mbele tangu wakati huo, ila funzo hilo halijabadilika: kwanza toa nyongo nje, kisha pata ramani, kuunga ni mwisho.

Yanayopaswa kufanyika hapo hapo mlipo, leo

Dripu, na antibaiotiki za kupitia mshipa zinazofika kwenye nyongo na kwenye bakteria wa utumbo. Kabla ya dozi ya kwanza, kama maabara inaweza, ichukuliwe damu na nyongo ya kwenye mpira ili kuotesha bakteria. Vipimo vya damu: picha kamili ya damu, bilirubini, yaani rangi ya manjano ya nyongo (ya jumla na ya moja kwa moja), vimeng'enya vya ini na mirija (ALP, GGT, ALT), kreatinini ya kupima figo, sodiamu na potasiamu, albumini (protini ya damu), na INR, kipimo cha kuganda kwa damu. Maji ya mpira nayo yapimwe bilirubini. Ikifika mara tatu ya ile ya kwenye damu au zaidi, ni nyongo, na ubishi unaishia hapo.

INR isiachwe. Bila nyongo utumboni mwili haunyonyi vitamini K, na bila vitamini K damu haigandi. Vidonge vyake havisaidii kwa sababu hiyohiyo, atahitaji ya sindano, kwa kawaida miligramu 10 kwa siku, siku tatu, ikiingizwa polepole. Hakuna atakayethubutu kumchoma sindano ya ini akiwa na INR ya juu, kwa hiyo mkiliwahi hili mtaokoa siku kadhaa huko mbele. Diklofenaki kwa maumivu iepukwe kwa sasa, kwani mtu anayepoteza maji kiasi hiki figo zake ziko hatarini.

Kisha altrasaundi, kuangalia kama kuna nyongo iliyotuama chini ya ini, chini ya kiwambo cha pumzi au kwenye nyonga. Mpira kutoa nusu lita hakumaanishi unatoa yote. Homa inaashiria kuna dimbwi ambalo mpira huo haulifikii, na hilo hutolewa kwa sindano na mpira mwembamba chini ya altrasaundi, bila kupasua. CT yenye dawa ya mshipani ni bora zaidi, kwa sababu inaonyesha madimbwi yote na pia ule mshipa wa damu tuliousema. Waambieni wapige na awamu ya mishipa ya ateri.

Mpira wenyewe

Hapa ndugu wa mgonjwa mna kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Tafuteni daftari. Kila siku saa ileile, tuseme saa 12 asubuhi, andikeni mililita, rangi, na joto la mwili. Pimeni kwa jagi lenye alama; "nusu mfuko" haimwambii daktari kitu. Mfuko ukae chini ya usawa wa kidonda hata akiwa anatembea, umwagwe ukifika nusu, maana ukijaa unavuta mpira nje. Mpira ufungwe plasta sehemu mbili, moja karibu na ngozi na nyingine paja au kiunoni, ili akijigeuza usivutike kwenye nyuzi. Nyongo ikivuja pembeni huchubua ngozi vibaya, pakeni mafuta mazito ya zinki. Msiubane mpira "kujaribu kama kimepona", na msiusukumie maji bila maelekezo.

Na hili mlishike: mpira ukisimama ghafla kutoa, huku tumbo linauma au homa inapanda, hajapona. Umeziba au umechomoka. Wagonjwa wamewahi kuruhusiwa nyumbani kwa furaha ya mpira mkavu, wakarudishwa siku tatu baadaye hawajitambui. Kupona kweli hupungua taratibu siku hadi siku, choo kikirudi rangi yake.

Nyongo inatoka na chumvi nyingi, sodiamu karibu sawa na ya damu na magadi mengi zaidi. Nusu lita iliyotoka irudishwe nusu lita, juu ya maji yake ya kawaida ya siku. Akiwa anakunywa, ORS inafaa kuliko maji matupu. Midomo kukauka, kizunguzungu akisimama na mkojo kupungua ni dalili kwamba mnabaki nyuma.

Ramani, na njia mbili

Picha ya mirija hupatikana kwa njia kadhaa. MRCP ni kipimo cha MRI kinachoonyesha mirija bila kuchoma wala kuingiza kamera. Mkumbuke kuwaambia kuna klipu za chuma. Nyingi zinazotumika leo zinaruhusu MRI, lakini ripoti ya upasuaji ndiyo itakayothibitisha. Penye eksirei tu kuna njia ambayo mara nyingi inasahaulika: dawa inayoonekana kwenye eksirei hupitishwa kwenye mpira uleule alio nao, homa ikishatulia na akiwa kwenye antibaiotiki, na wakati mwingine mirija inajichora yote. ERCP ni kamera ndefu inayopita mdomoni hadi mlango wa mrija wa nyongo utumboni. Ina faida ya kutibu hapo hapo, ila huleta uvimbe wa kongosho kwa wagonjwa kama 3 hadi 10 kati ya 100, na mrija ukiwa umekatwa kabisa itaonyesha dawa ikigota kwenye klipu tu. Sehemu ya juu huonekana kwa kuchoma sindano nyembamba ubavuni kupitia ini.

Picha ikionyesha mrija mkuu uko mzima na kinachovuja ni kisiki cha kimrija cha kifuko au vijirija vidogo vya kwenye ini, shukuruni. ERCP huchana kidogo mlango wa mrija na kuweka stenti, kibomba cha plastiki chenye unene wa milimita tatu hivi. Shinikizo likishuka, nyongo inachagua njia ya utumbo, na tundu hujifunga lenyewe. Stenti hutolewa baada ya wiki 4 hadi 8. Andikeni tarehe ya kuitoa kwenye ukuta wa sebuleni ikibidi, kwa maana stenti ya plastiki iliyosahaulika huziba kadiri miezi mitatu inavyofika na kuleta homa ileile upya.

Picha ikionyesha mrija umekatwa, stenti haitaunga. Hapo ni upasuaji wa bingwa: utumbo mwembamba unakatwa, ncha moja inapandishwa hadi mlangoni mwa ini na kushonwa kwenye mrija mahali penye nyama nzima, na ncha nyingine inaungwa chini, sentimita 40 hadi 60 mbele, ili chakula kisipande kwenye ini. Ni kazi ya saa kadhaa na inategemea mno mkono wa anayeshona. Kwa mgonjwa mwenye homa na madimbwi kama wenu, kwa kawaida husubiriwa wiki 6 hadi 12 tangu nyongo idhibitiwe. Najua kusubiri na mpira ubavuni kunachosha na majirani watasema ametelekezwa. Muda huo si wa bure: uvimbe unatulia, lishe inarudi, mishipa inajulikana, naye anaweza kuwa nyumbani.

Akiwa nyumbani, msimnyime mafuta na nyama kabisa kama watu wengi wanavyofanya. Mgonjwa wa nyongo hukonda kwa masharti kuliko kwa ugonjwa. Apewe milo midogo sita: mayai, samaki, dagaa, maharage, uji wenye maziwa. Mafuta mpunguze ikiwa tu choo kinaelea na kuteleza kwa mafuta. Kidonda kinahitaji protini, na bingwa atataka albumini iwe imepanda.

Rufaa

Ombeni hospitali ya kanda au ya taifa yenye vitu vitatu chini ya paa moja: ERCP, mtu wa kuweka mipira kwa sindano, na daktari bingwa wa upasuaji wa ini na nyongo. Daktari wenu apige simu kabla hamjasafiri, kwani kufika na kukuta mashine ya ERCP imeharibika ni jambo linalotokea. Chukueni ripoti ya upasuaji iliyoandikwa kwa urefu (si karatasi ya kuruhusiwa peke yake), video ya matundu madogo kama ilirekodiwa, majibu ya damu ya kabla na baada, CD za picha, majibu ya maabara ya kifuko kilichotolewa, na daftari lenu la mpira. Bima nyingi hulipa tu mkipita ngazi za rufaa, kwa hiyo fomu itoke kabla ya gari.

India kuna mabingwa wazuri, hatubishi. Ila mgonjwa mwenye homa ya kutetemeka hapandi ndege, na hatua mbili za kwanza, kutoa nyongo na kupata picha, zinafanyika hapa. Mkishapata picha, zinaweza kutumwa kwa bingwa popote atoe maoni, na huenda mkakuta kinachohitajika ni stenti tu. Michango ya ukoo isianze kukusanywa kabla ya picha.

Kuhusu kushtaki. Mrija kuumia peke yake hakuthibitishi uzembe, kwani hutokea hata kwa wazoefu, hasa kifuko kikiwa kimegandamana. Linaloulizwa ni lililofuata: alitambua lini, aliwaeleza wazi, alitoa rufaa kwa wakati? Mna haki ya nakala ya faili lake. Mkiona mmefichwa, Baraza la Madaktari Tanganyika hupokea malalamiko ya maandishi. Kwa wiki hii, hata hivyo, huyo daktari ndiye mwenye kalamu ya rufaa na ndiye anayejua aliweka klipu wapi. Nendeni kwake mkiwa wawili, mtulivu ndiye azungumze, mwambieni mnataka asaidiwe na bingwa. Wengi wao hulipokea hilo kwa nafuu kuliko mnavyotarajia.

Baada ya matengenezo, kwa njia yoyote ile, damu yake ipimwe kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha kila miezi sita, kisha kila mwaka, na hata baada ya miaka kumi asiache. Muungano ukianza kusinyaa, ALP na GGT hupanda miezi mingi kabla macho hayajabadilika, na ukiwahiwa hapo hutanuliwa kwa puto bila kupasua. Homa yoyote yenye kutetemeka, hata kama kipimo cha malaria kimesoma chanya, apimwe na bilirubini siku hiyohiyo.